Kughafilika Katika Masomo: Kijana wa Chuo Kikuu Asiyeweza Kuutawala Umakini Wake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili na akamtukuza kwa elimu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Darsa yetu ya mwezi huu yahusu jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa minong'ono tu. Kijana alikuwa hodari. Alihitimu madrasa, akapita mtihani wa kidato cha nne kwa daraja nzuri, akaitwa chuo kikuu. Mama akauza bangili zake, baba akakopa, na mkopo wa serikali ukaja juu ya hayo. Siku ya kuondoka ikasomwa dua. Baada ya miaka miwili yaja habari kwamba ameanguka masomo matano, na mengine hata chumba cha mtihani hakuingia, na barua ya chuo yamtaka arudie mwaka au aondoke.

Hapo hukumu hutolewa upesi, na mahakimu ni wengi. Mmoja asema, "Ni mvivu, alidekezwa." Wa pili asema, "Ni jicho, watu walimtazama sana siku ile alipoitwa." Wa tatu asema hana radhi za wazee wake. Wa nne asema simu ndiyo iliyomharibu. Na kijana mwenyewe, akiulizwa, hana jawabu. Husema, "Sijui. Nilitaka kusoma, sikuweza." Maneno hayo watu huyachukua kuwa ni udhuru wa mwongo. Sisi twaona kwamba yafaa yasikilizwe na yapimwe, kwa kuwa mara nyingine huwa ni kweli tupu.

Hatusemi kuwa kila aangukaye mtihani ni mgonjwa. Wavivu wapo, na waliopotezwa na marafiki wapo. Tusemalo ni kuwa kuna watu ambao uwezo wao wa kuuelekeza umakini na kuitawala nafsi una upungufu wa maumbile, na kuwahukumu kabla ya kuwajua ni dhulma.

MAANA YA JAMBO LENYEWE

Umakini si kitu kimoja. Una kazi tatu: kulichagua jambo moja kati ya mengi, kudumu nalo mpaka liishe, na kulirudia kila fikra inapopotoka. Pamoja na umakini kuna kutawala nafsi, yaani kuizuia isikimbilie kitamu cha sasa, kukumbuka la kufanya baadaye, kuukadiria muda, kuanza kazi isiyopendeza, na kuituliza hasira au huzuni ili kazi iendelee. Haya yote hutegemea zaidi sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na sehemu hiyo ndiyo inayochelewa kukomaa kwa kila mtu, hata kupita umri wa miaka 20.

Kuna watu ambao kazi hizi kwao zina kasoro tangu utotoni. Madaktari wameyapa maradhi hayo jina refu, ambalo kwa lugha yetu ni upungufu wa umakini na wingi wa harakati, nao huyafupisha kwa herufi ADHD. Si jambo lililozuliwa jana. Mwaka 1798 tabibu Alexander Crichton aliandika juu ya watu wasioweza kudumu na jambo moja. Mwaka 1902 George Still, tabibu wa watoto wa London, aliwaeleza matabibu wenzake hali ya watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia. Tangu hapo uchunguzi umeendelea. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani waliopima bongo za watoto kwa miaka mingi walieleza kuwa gamba la ubongo la watoto wenye hali hii hufikia unene wake wa juu kabisa wakiwa na kiasi cha miaka 10 na nusu, na la wenzao wakiwa na miaka 7 na nusu. Na uchunguzi wa mapacha umeonyesha kuwa urithi una sehemu kubwa sana katika jambo hili, kiasi cha robo tatu ya tofauti iliyoko baina ya watu. Basi mara nyingi baba amlaumuye mwanawe kwa kutotulia humlaumu kwa kitu alichomrithisha mwenyewe.

Kwa makadirio yajulikanayo, watoto wenye hali hii ni kiasi cha 5 katika kila 100, na watu wazima ni 2 au 3 katika kila 100. Kwa hesabu hiyo, mhadhara wa wanafunzi 200 huenda ukawa na 4 au 6 miongoni mwao.

Hali hii ina sura mbili. Ya kwanza ni ya mtu asiyetulia: hukatiza maneno ya wenzake, hawezi kukaa, hutenda kabla ya kufikiri. Hii huonekana na kila mtu. Ya pili ni ya mtu mtulivu wa mwili ambaye fikra zake hazikai mahali: hupoteza vitu, husahau miadi, husoma ukurasa mzima asijue amesoma nini. Hii haionekani, nayo ndiyo inayofungamana zaidi na kushuka kwa alama. Wasichana wengi huwa katika sura hii ya pili, na kwa sababu hawasumbui mtu hakuna awajuaye. Binti hupika, hufua, hulea wadogo zake, na anaposhindwa na masomo husemwa tu kwamba masomo si fungu lake.

SHARIA YAMTAZAMAJE ALIYEGHAFILIKA?

Kabla ya kuendelea na maneno ya madaktari, na tutazame dini yetu yasemaje juu ya fikra iliyopotea, kwa kuwa wengi hudhani kwamba kila kughafilika ni udhaifu wa imani.

Katika Sura ya Al-Maun wamelaumiwa wenye kughafilika na sala zao. Lakini wafasiri wametutanabahisha kwamba lawama hiyo ni juu ya mwenye kuipuuza sala yenyewe, akaiacha au akaichelewesha mpaka wakati wake ukapita. Si juu ya yule ambaye fikra humtoroka akiwa ndani ya sala, kwani hilo huwapata watu wote. Kwa huyu wa pili Sharia haikuweka adhabu, bali imeweka utaratibu, nao ni sijda ya kusahau.

Na asili ya utaratibu huo ni kisa mashuhuri. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwasalisha watu sala ya rakaa nne, akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Abubakar na Umar walikuwapo wakaona haya kusema. Akainuka mtu aliyejulikana kwa jina la Dhul-Yadayn akamuuliza kama sala imepunguzwa au yeye amesahau. Mtume akawauliza watu, wakasadikisha. Akarudi akazisali rakaa zilizobaki, kisha akasujudu sijda mbili.

Kisa hiki twakisoma katika fiqhi ya sala, lakini ndani yake mna mafunzo ya malezi pia. Kwanza, kusahau kulimpata aliye bora kuliko viumbe wote, basi si dalili ya upungufu wa akili wala wa dini. Pili, aliyesahau alikumbushwa na mwenzake kwa adabu, hakutukanwa. Tatu, hakukasirika kwa kukumbushwa, bali alihakikisha kisha akatenda. Nne, na hili ndilo ambalo wengi hulisahau, zile rakaa mbili hazikusamehewa. Kusahau kuliondoa lawama, hakukuondoa deni.

Basi hiyo ndiyo mizani yetu katika darsa hii. Mwanafunzi mwenye upungufu wa umakini hana lawama kwa maumbile yake, lakini yampasa atafute njia ya kulipa rakaa zake. Na sisi yatupasa tuwe Dhul-Yadayn wake, tumkumbushe wala tusimfedheheshe.

Jambo jingine lapatikana katika hadithi ya Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi. Mtume alisali katika nguo yenye nakshi, na alipomaliza akaamrisha irudishwe kwa Abu Jahm aliyempa, akataka aletewe ile isiyo na nakshi, kwa sababu nakshi zile zilimshughulisha. Hakusema kwamba mtu mwenye imani yampasa ashindane na nakshi. Aliiondoa nguo. Kijana wetu hujiwekea simu kando ya kitabu, kisha hushindana nayo usiku kucha, na anaposhindwa hujiona mtu duni. Mafunzo ya nguo ya Abu Jahm ni kuwa kiondoshwe kwanza kile kinachoshughulisha, ndipo mtu ajitie katika ibada au katika kazi.

KWA NINI HUONEKANA CHUONI?

Wazazi huuliza, "Kama mwanangu ana maradhi haya, alipitaje mitihani yote ya nyuma?" Suala hili lina maana, na jawabu lake ndilo kiini cha darsa hii.

Katika shule ya bweni kila kitu kina kengele. Kuna kengele ya kuamka, ya kula, ya darasa, ya kusoma jioni, ya kulala. Mwalimu hukagua madaftari kila siku. Madrasani kuna maalimu na bakora yake, na nyumbani kuna mama anayeita. Kijana hakuwa akiitawala nafsi yake, ilitawaliwa na wengine kwa niaba yake. Mwenye akili nyepesi aliweza kufika mbali kwa njia hiyo, kwa kuwa akili yake ililifunika pengo.

Siku alipoingia chuo kikuu, kengele zote zilinyamaza kwa pamoja. Mihadhara ni saa chache kwa wiki, na mingi hakuna aitaye majina. Kazi ya kuandika hutolewa leo, ikatakiwa baada ya wiki sita. Hakuna aulizaye umelala wapi wala umekula nini. Kwa kijana wa kawaida huo ni uhuru wa kujifunza utu uzima. Kwa mwenye upungufu huu ni kama mtu aliyezoea kutembea kwa mkongojo, na mkongojo ukachukuliwa katikati ya njia.

Wataalamu wamesema kwamba kwa watu hawa muda una mafungu mawili tu, sasa na si sasa. Kazi ya wiki sita imo katika si sasa, kwa hiyo haina uzito wowote moyoni, mpaka usiku wa mwisho inapoingia ghafula katika sasa. Hapo hukesha, hukopa kazi za wenzake, au huacha kabisa. Russell Barkley, mwanachuoni wa Marekani aliyeandika sana juu ya jambo hili, ameshikilia kwamba taabu kubwa ya watu hawa si kutojua la kufanya, bali ni kutolifanya lile walijualo kwa wakati wake. Ndiyo maana kuwapa mawaidha zaidi hakufai kitu. Mawaidha wameshayajua, hata wao wenyewe waweza kuwapa wengine.

Na tutazame hesabu ilivyo. Katika vyuo vingi vya kwetu Kenya, alama 30 katika 100 hutokana na majaribio na kazi za kuandika za katikati ya muhula, na 70 hutokana na mtihani wa mwisho, na wa kupita ni 40. Mwanafunzi wa kwanza amekusanya 22 katika zile 30. Ili apate jumla ya 60, atahitaji 38 tu katika 70, yaani zaidi kidogo ya nusu ya mtihani. Mwanafunzi wa pili hakupeleka kazi mbili na amesahau jaribio moja, akapata 5. Ili afikie hiyo 60 atahitaji 55 katika 70, yaani karibu 79 katika kila 100. Huenda elimu yao ni sawasawa. Lakini wa pili aliingia katika mtihani akiwa na mzigo mgongoni, na mzigo huo haukutokana na kutofahamu somo, bali na tarehe zilizompita.

Marekani, wataalamu waliowafuata wanafunzi wa vyuo kwa miaka 4 walikuta kwamba wale wenye hali hii hupata alama za chini kuliko wenzao tangu mwaka wa kwanza, na ni wachache zaidi kati yao wanaodumu mpaka mwisho. Nao ni watu walioingia chuoni kwa kustahili kama wenzao.

Kisha huja aibu, nayo ndiyo humaliza kazi. Kijana aliyekosa mihadhara mitatu huona haya kuingia wa nne. Aliyechelewesha kazi huona haya kumkabili mhadhiri. Barua za chuo hazifungui, simu za baba hazipokei. Mwisho hukaa chumbani, na nyumbani husema, "Masomo ni mazuri, alhamdulillahi." Wengi hufikia huzuni nzito, na wengine hufikia kuyachoka maisha. Haya si mambo ya kuchezewa. Mzazi aonaye mtoto wake amejitenga, halali au hulala mchana kutwa, hali chakula, au asema maneno ya kukata tamaa, asingoje matokeo ya mtihani. Na amwendee, na amfikishe kwa daktari.

SI JINI WALA SI KUKOSA RADHI

Katika miji yetu, kijana wa namna hii hupelekwa kwanza kwa mganga. Huandikiwa kombe, hufungwa hirizi, huambiwa ana pepo wa kurithi atakaye ngoma. Fedha ambazo zingelipa karo hulipa ubani na kuku. Na mganga hana hasara: kijana akipata nafuu ni kwa uganga wake, asipopata ni kwa sababu masharti hayakutimizwa.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 hapa Mombasa, alitumia umri wake kuwaamsha watu wa pwani waache mambo ya bidaa na ushirikina na washike elimu, ya dini na ya dunia. Ni masikitiko kwamba miaka mingi baadaye twaendelea kuipeleka akili ya kijana msomi kwa asiyejua kusoma.

Dua ni silaha ya Muumini, na kumsomea mgonjwa Qurani ni sunna. Hatukatazi hayo, twayahimiza. Lakini Mtume alituamrisha tujitibu, akatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa. Wala wazee wetu hawakudhani kuwa maradhi ni ya mwili peke yake. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 wa Miladi, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya miili na nafsi, akieleza kwamba nafsi huugua kama mwili uuguavyo na kwamba nayo ina tiba yake. Mwislamu aendaye kwa daktari wa nafsi hajatoka katika njia ya wazee wake.

VIPI HUJULIKANA?

Mtu asijitabibu kwa kusoma karatasi hii, kwani kila mmoja wetu husahau. Daktari hutazama mambo haya. Dalili ziwe nyingi: katika orodha mbili za dalili tisa tisa zilizomo katika mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2013, mtu wa miaka 17 na zaidi hutakiwa awe na zisizopungua tano za orodha moja. Ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi. Ziwe zilianza kuonekana kabla ya umri wa miaka 12. Ziwe ni za mahali zaidi ya pamoja, si darasani tu. Na ziwe zinaharibu maisha kweli.

Sharti la utoto ni muhimu sana. Kijana aliyekuwa makini mpaka miaka 19, kisha umakini ukampotea ghafula, na atafutiwe sababu nyingine: huzuni, hofu, kukosa usingizi, upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya koo, au kilevi. Ndiyo maana daktari hutaka kuzungumza na mama, na hutaka kuziona ripoti za shule za zamani. Wazazi, zihifadhini.

TIBA NA MPANGO

Dawa zipo. Iliyo mashuhuri ni methilfenideti, ambayo huzidisha kazi ya dopamini na noradrenalini katika sehemu ya mbele ya ubongo. Huwafaa wengi, lakini hupunguza hamu ya chakula na usingizi na huenda ikaupandisha mpigo wa moyo. Haijuzu kuinunua kwa siri wala kumpa rafiki, ni ya cheti cha daktari tu. Anayeitumia na azungumze na daktari wake kabla ya Ramadhani ili wapange wakati wa kuinywa.

Hapa yatupasa tuseme wazi juu ya muguka na miraa. Wanafunzi wengi hutafuna ili wakeshe na vitabu, nao husema, "Nikitafuna natulia." Twawasadiki kwamba huhisi hivyo, kwa sababu majani hayo yana kathinoni, kitu cha jamii moja na vichangamshi. Lakini hakuna daktari aliyepima kiasi, usingizi huharibika, na asubuhi mwili hudai deni lake. Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku muguka, jambo lilifika mahakamani na kwa Rais. Sisi si mahakama. Twasema tu kwamba kijana anayehitaji kutafuna ili aweze kusoma huenda anatufahamisha kwamba ana maradhi yanayotaka tiba.

Dawa peke yake haitoshi. Kidonge humwezesha mtu kukaa kitini, hakimwambii afungue kitabu gani. Basi pamoja nayo, au bila yake kwa mwenye upungufu mdogo, kuna mpango wenye mambo matano.

La kwanza, afunge kazi zake na nyakati za sala. Sisi tulio karibu na ikweta tumepewa neema ambayo watu wa kaskazini hawana: nyakati zetu za sala hutofautiana kwa kiasi cha nusu saa tu mwaka mzima. Hizi ni kengele tano ambazo chuo hakikuzizima. Na asiseme, "Leo nitasoma," bali aseme, "Nikitoa salamu ya Alasiri, kabla sijaondoka msikitini nitafungua daftari la hesabu kwa nusu saa." Peter Gollwitzer, mtaalamu wa elimu ya nafsi, alionyesha mwaka 1999 kwamba mtu afungapo nia yake na tukio maalumu hutimiza zaidi kuliko mwenye nia tupu.

La pili, aikate kazi kubwa vipande. Kazi ya wiki sita na iandikwe kuwa kazi sita, kila moja na siku yake, na kila kipande akionyeshe kwa mtu.

La tatu, asisome peke yake. Wengi wenye hali hii hawawezi kukaa na kitabu chumbani, lakini wakiketi na mwenzao aliye kimya na kazi yake huweza. Halaqa ya msikitini ni dawa iliyo tayari. Na simu na iwekwe kwa mwenzake mpaka wakati uishe, kama ilivyorudishwa nguo ya Abu Jahm.

La nne, arejee masomo kwa kujisomesha, si kwa kutazama tu. Al-Zarnuji, katika kitabu chake mashuhuri juu ya njia ya kujifunza, alimshauri mwanafunzi alirudie somo la jana mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia mara tatu, na hivyo kushuka. Na mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha huko Marekani kwamba waliorudia kusoma maandishi waliyakumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki waliojijaribu bila kutazama ndio waliokumbuka zaidi. Ndivyo walimu wetu walivyokuwa wakifanya: "Funga msahafu, nisomee."

La tano, alale. Mtu mzima huhitaji saa 7 au zaidi. Baraza la mpaka saa sita za usiku, kisha Alfajiri, kisha mhadhara wa saa mbili za asubuhi, hata mzima wa akili hulemewa nalo.

WAJIBU WETU

Mzazi na abadilishe suala lake. Badala ya "Umefaulu?" na aulize, "Wiki hii yatakiwa nini, na siku gani?" Suala hilo moja kila Ijumaa lina faida kuliko mawaidha ya saa nzima mwisho wa mwaka. Asimlinganishe na binamu yake. Na akija kusema kweli kwamba ameanguka, asimpige kwa maneno, kwani atakayeadhibiwa kwa kusema kweli leo atasema uongo kesho.

Mwanafunzi na aende mapema kwa mshauri wa wanafunzi wa chuo chake, katika wiki za mwanzo za muhula, si baada ya matokeo. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 chatambua haki ya mwenye ulemavu kupata elimu na kusaidiwa, na mwenye cheti cha daktari na aulize kwa adabu kama aweza kuongezewa muda wa mtihani au kupewa chumba kitulivu. Kuuliza si kuombaomba.

Na misikiti yetu iliyo karibu na vyuo, kama kile cha Pwani kule Kilifi na kile cha Ufundi hapa Mombasa, na iwe na watu wawili au watatu waliokwisha kuhitimu, ambao kazi yao ni kuwajua kwa majina vijana wa mwaka wa kwanza na kuwatembelea kabla ya wiki ya sita. Hilo halina gharama kubwa. Tumejenga minara kwa sadaka zetu, hatushindwi na hili.

MASUALA YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kuna tofauti gani baina ya mwenye kuipuuza sala na mwenye kusahau ndani ya sala? Tofauti hiyo yatufunza nini juu ya mwanafunzi?
2. Katika kisa cha Dhul-Yadayn, ni kipi kilichosamehewa na ni kipi ambacho hakikusamehewa?
3. Ni kengele zipi zilizomwongoza kijana kabla ya chuo, na ni zipi zimebaki baada ya hapo?
4. Kila mmoja ataje kijana mmoja anayemjua aliyeko chuoni, moyoni mwake bila ya kumtangaza, kisha ampelekee salamu wiki hii na amuulize hali yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wao, na atupe sisi wazee subira na ufahamu katika kuwalea. Amin.